KUINUA VIWANGO: MANENO YA SEMINA NA MIZANI YA KAHAWA

Ni nadra siku hizi mkutano wa tawi, wa ushirika au wa idara kumalizika bila mtu kusimama na kututaka tuinue viwango. Tuinue viwango vya kazi, tuinue viwango vya maisha, kila mmoja wetu ainue kiwango chake binafsi. Neno hili ni zuri na hakuna anayelipinga. Hapo ndipo hatari yake inapoanzia. Neno lisilopingwa na mtu aghalabu halimgusi mtu, kwa kuwa kila msikilizaji hudhani kwamba anayesemwa ni mwenzake aliyeketi kiti cha pili.

Makala haya yanakusudia kulikosoa neno hilo. Yafaa tujiulize kiwango ni kitu gani, nani anakipima, na yule anayepimwa anapata nini baada ya kupimwa. Sisi tunaoishi Moshi na kwenye miteremko ya Kilimanjaro hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta majibu. Tunalo zao la kahawa ambalo kwa zaidi ya miaka 100 limempima mtu kwa ukali kuliko mtoa mada yeyote.

Nianze na semina moja niliyoihudhuria, ya siku mbili, mada yake ikiwa nidhamu ya kazi. Barua ya mwaliko ilisema saa 2 asubuhi. Wakulima walioteremka kwa miguu kutoka vijiji vya juu walikuwa wamekwisha kukaa kabla ya saa hiyo, nguo zao zikiwa bado na umande. Mtoa mada alifika saa 4 na nusu. Akafungua daftari lake, akaanza kueleza umuhimu wa kutunza wakati. Hakuna aliyecheka, na hilo lilinihuzunisha zaidi kuliko kama wangecheka. Ulipofika wakati wa maswali, mzee mmoja alisimama akasema: "Mwanangu, nashukuru kwa elimu. Nauliza hivi, kahawa niliyoichuma jana, nikiimenya kesho kwa sababu leo nilikuwa na shughuli, itanisubiri?" Mtoa mada alimshukuru mzee kwa mchango wake mzuri, akaendelea na kipengele kilichofuata.

Swali la mzee lilikuwa ni nadharia kamili, na halikujibiwa. Tujaribu kulijibu.

KIWANGO KINAPOZALIWA

Kuchuma kahawa ni kazi ya jicho kabla ya kuwa kazi ya mkono. Kwenye tawi moja la mbuni yamo matunda ya kijani, ya manjano, mekundu na mengine yaliyokwisha kukauka, yote yakigusana. Linalotakiwa ni lile jekundu lililoiva sawasawa. Kwa hiyo mchumaji huurudia mbuni uleule mara nyingi katika msimu, tangu Julai hadi kukaribia Desemba, na kila mara huacha nyuma yake matunda ambayo angeweza kuyachuma. Matunda ya leo yapaswa kumenywa leo. Yakilala ndani ya gunia yanapata joto, yanaanza kuchacha, na harufu ile haitoki tena hata mtu akaioshe kahawa kwa maji ya mto mzima. Baada ya kumenywa, kahawa huachwa ivunde ili ule ute wenye utamu uachane na punje. Kwenye vijiji vya juu, kwenye baridi, kazi hiyo huweza kuchukua siku 2 au 3. Chini kwenye joto huisha mapema zaidi. Hapo saa ya ukutani haisaidii. Mtu hutumbukiza mkono, huzisugua punje kiganjani, husikiliza kama zinakwaruza au bado zinateleza. Akiosha mapema ute unabaki. Akichelewa kahawa imeoza. Kisha inakuja kazi ya vichanja, wiki moja au mbili za kuanika, kugeuza, kuokota punje zilizovunjika, kufunika mvua ikinyesha na jua likiwa kali mno, mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 11 au 12. Na baada ya jasho lote hilo, kilo 5 au 6 za matunda mabivu zimetoa kilo moja tu ya kahawa safi.

Nimelieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu moja. Katika hatua zote hizo hakuna msimamizi. Bwana shamba hayupo saa 3 usiku wakati mashine ya kumenyea inazungushwa kwa mkono na koroboi imewekwa juu ya jiwe. Mwenyekiti wa kijiji hayupo mvua inapotishia mchana wa Oktoba na mtu anapaswa kuacha chakula mezani akafunike vichanja. Punje chache zilizooza zaweza kuharibu ladha ya gunia zima, na anayejua kwamba zimo ni yule aliyeziona zikipita mbele ya macho yake akaamua ziende. Kwa maana hiyo wanaosema kwamba kiwango ni suala la mtu binafsi wana sehemu ya ukweli. Lakini ni sehemu tu.

Na hapa sina budi kujikosoa. Nikiwa kijana wa shule nilikwenda kuchuma kahawa kwenye shamba la watu ili kupata fedha ya daftari, na malipo yalikuwa kwa debe. Niligundua upesi kwamba tunda la kijani linajaza debe sawasawa na tunda jekundu. Nikawa naweka ya kijani chini na mekundu juu. Nyumbani, katika kihamba chetu wenyewe, sikuthubutu. Bibi alimwaga kila debe juu ya mkeka, akachagua tunda mojamoja, na yale ya kijani akayarundika mbele ya miguu yangu bila kusema neno. Mtu alikuwa ni yuleyule, wiki ileile, mikono ileile, na viwango viwili. Laiti mtu angeniuliza siku zile kiwango changu binafsi ni kipi, sijui ningeonyesha debe gani.

Nilichojifunza kwenye mkeka wa bibi sikukipata kwenye semina yoyote. Kiwango cha mtu hushika mizizi pale ambapo kazi yake inatazamwa na mtu anayeijua, na matokeo ya kazi hiyo, mema au mabaya, yanamrudia yeye mwenyewe. Kwenye shamba la malipo ya debe kazi yangu haikutazamwa, ilipimwa kwa ujazo, na kahawa ikiharibika hasara ilikuwa ya mwingine. Kanuni hiyo tuichukue tuitazamie historia.

NANI ALISHIKA MIZANI

Kahawa iliingia Kilimanjaro kwa njia ya misheni, Kilema ikiwa miongoni mwa mahali pa kwanza, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Walowezi walipopanda mashamba yao makubwa, wengi wao hawakupenda kumwona Mchagga akipanda pia. Na tuzingatie hoja yao ilikuwa nini: ilikuwa hoja ya kiwango. Walidai kwamba mwenyeji hawezi kuitunza mibuni, kwamba shamba lake litakuwa chimbuko la wadudu na magonjwa, na kwamba jina la kahawa ya mlima litaharibika sokoni. Chini ya hoja hiyo yalikuwapo maslahi yao ya kupata vibarua wa bei rahisi, kwani mtu mwenye mibuni yake hana haja ya kwenda kuchuma ya mwingine. Kada anayesikia neno "viwango" asisahau kwamba lilipata kutumika kama silaha ya tabaka.

Wakulima hawakujibu kwa maneno. Mwaka 1925 waliunda chama chao, kwa ufupi KNPA, chini ya uongozi wa watu kama Joseph Merinyo, na moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa ni kupambana na magonjwa na wadudu wa mibuni. Mwaka 1933 mahali pake palishikwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU. Kahawa ya mkulima mdogo, mwenye mibuni iliyochanganyika na migomba, ikaja kusimama mnadani bila aibu mbele ya kahawa ya mlowezi.

Lakini ushirika huo haukuwa malaika. Serikali ya kikoloni iliweka kanuni ya kumlazimisha kila mkulima auze kahawa yake kupitia KNCU, na bei ziliposhuka wakulima wakaanza kuuliza fedha zao zinakwenda wapi. Hawakupata jibu la kuridhisha. Mwaka 1937 wakaasi, na katika sehemu kadhaa za mlima maghala ya kahawa yakashambuliwa, mpaka serikali ilipoyazima maasi hayo kwa nguvu. Wako wanaolisimulia tukio hilo kama fujo za watu wasioelewa faida ya ushirika. Mimi naliona kwa namna nyingine. Watu wale walikuwa wanapimwa kila siku, kahawa yao ikinuswa na kukataliwa, na walipotaka nao wapime waliambiwa mizani ina upande mmoja.

Sasa tuje kwenye makosa ambayo hatuwezi kumsingizia mkoloni. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika nchini vilivunjwa, KNCU kikiwa kimojawapo, na kazi yao ikagawanywa baina ya vijiji na mamlaka za mazao. Mamlaka ya Kahawa ikaanza mwaka uliofuata. Nia ilielezwa kuwa ni kumwondoa mtu wa kati na kumkomboa mkulima. Ubadhirifu katika baadhi ya vyama ulikuwapo, hilo nalikubali. Lakini mkulima wa Marangu au Machame alijikuta mbali zaidi na mizani kuliko alivyokuwa kabla. Malipo yalichelewa, dawa za kupulizia mibuni zikawa hazifiki kwa wakati, na chulebuni, ugonjwa ule unaooza tunda likiwa changa juu ya tawi, haungoji kikao cha bodi. Katika hali hiyo tulimpelekea mkulima kitu gani? Tulimpelekea wahamasishaji. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri mwaka 1984 kwamba kuvunja ushirika na serikali za mitaa yalikuwa makosa, na mwaka huohuo KNCU kilirudi. Kukiri huko ni mfano wa kiwango binafsi kwa maana yake halisi. Naona tumeuiga mara chache mno.

Kisha likaja soko huria. Tangu msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuingia vijijini, wakaja na magari na fedha taslimu. Tusijidanganye kwamba mkulima alichukia. Mtu aliyekuwa akingoja malipo ya pili na ya tatu huku Januari na ada za shule zikikaribia, akiona noti mkononi siku hiyohiyo, atamkimbilia nani? Ila wengi wa wanunuzi hao walilipa bei moja kwa kahawa yote. Iliyochaguliwa punje kwa punje na iliyoanikwa chini kwenye vumbi ziliingia gunia moja kwa bei moja. Haikuchukua misimu mingi mkulima akaelewa somo hilo, kama nilivyolielewa mimi na debe langu. Kwa nini mama akeshe akichagua? Ubora ukashuka, nasi tukaanza kusema katika mikutano kwamba wananchi wamekuwa wavivu, vijana hawana uadilifu, watu wamepoteza maadili ya wazee wao. Tulilaumu roho ya mtu kwa kosa lililokuwa kwenye mizani.

Upande wa pili wa jambo hili ni mchungu pia. Huko Japani kahawa ya arabika ya Tanzania huuzwa kwa jina la Kilimanjaro, hata ikiwa imetoka Mbinga au Mbozi, na mikoa hiyo ya kusini imekwisha kutupita kwa wingi wa mavuno. Jina tunalojivunia tulitengenezewa na mikono ya akina bibi, na kwa sasa sehemu kubwa ya kazi ya kulitunza inafanywa na watu wengine.

Nimesema mikono ya akina bibi, na hapa ukosoaji wetu hauna budi uingie ndani ya nyumba. Katika kaya nyingi za mlimani kahawa ilihesabiwa kuwa mali ya baba, na ndizi na maziwa kuwa ya mama. Jina lililoandikwa kwenye daftari la chama cha msingi lilikuwa la baba, na malipo yalipokelewa na baba, wakati mwingine yakiishia kwenye kibuyu cha mbege kabla hayajafika jikoni. Lakini aliyechuma, aliyeosha, aliyegeuza vichanja na kuchagua punje alikuwa mama na watoto. Yaani aliyeinua daraja la kahawa hakuwa yule aliyelipwa kwa daraja hilo. Tunapomwambia mama huyo ainue kiwango chake cha kazi tunamwomba atoe zawadi. Ameitoa kwa miaka mingi. Kuna vyama vya msingi ambavyo siku hizi vina wanawake kama wanachama kamili, kila mmoja na namba yake, nami nathubutu kusema kwamba namba hiyo moja ina mafunzo kuliko mihadhara kumi juu ya bidii.

MFEREJI NA BARABARA

Msomaji anaweza kusema: hayo ni ya kahawa, lakini maisha ya kila siku hayana mnada. Si kweli kabisa. Kabla ya kahawa mlima huu ulikuwa na mifongo, ile mifereji iliyochimbwa kwa mkono kutoka kwenye vijito vya juu, ikizunguka mabega ya vilima mpaka kwenye vihamba vya chini. Kila mfongo ulikuwa na watumiaji wake na siku zake za msaragambo. Asiyefika kusafisha alitozwa faini, zamani pombe au hata mbuzi, na zamu yake ya maji ikapita. Hakuna aliyehitaji kuhutubiwa juu ya uwajibikaji, maana mtu wa chini aliujua uvivu wa mtu wa juu kwa kuyaona maji yake yakipungua. Sisemi kwamba mpango ule ulikuwa wa haki tupu. Koo zilizochimba mfereji zilijipa ukubwa, na mwanamke hakuwa na sauti katika mkutano wa mfongo. Nasema tu kwamba kipimo kilikuwa mahali ambapo kila mtu anakiona.

Mfano wa pili ni Moshi mjini. Kwa muda mrefu mji huu umejulikana, na mara kadhaa umetuzwa, kuwa miongoni mwa miji safi kuliko yote nchini. Mgeni anayeshuka kwenye stendi ya mabasi akiwa na ganda la ndizi mkononi huonywa na mwenyeji wake, wakati mwingine na mtu asiyemfahamu kabisa, kwamba hapa hatutupi, kuna faini. Naye huliweka ganda mfukoni. Nimemwona msafiri wa namna hiyo akirudi zake kwa basi, na kabla hatujafika mbali chupa yake ikapita dirishani. Kiwango kilikuwa cha mji, naye alikiazima kwa muda.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaohitimisha kwamba usafi wa Moshi ni woga wa faini na basi. Mtoto aliyekulia mji huu akifika mji mwingine hutembea na ganda lake akitafuta mahali pa kulitupa, na wenzake humcheka. Kilichoanza kama amri kimekuwa tabia, kwa sababu amri hiyo imemhusu tajiri na kabwela, imedumu miaka na miaka, na matunda yake yanaonekana kila asubuhi mtu anapofungua mlango. Hayo ni masharti matatu ambayo kampeni zetu nyingi hazikuyatimiza. Mwaka 1983 tulipitisha sheria ya nguvu kazi kwa nia ya kumfanya kila mwenye nguvu afanye kazi. Mijini ikageuka kuwa kazi ya kukamata watu wasio na vitambulisho. Mama anayeuza maandazi tangu alfajiri aliitwa mzururaji, na aliyeketi ofisini akisoma gazeti hadi saa 8 alikuwa na kitambulisho safi.

Ni lazima niongeze kwamba usafi huo wa Moshi nao una kasoro yake, ambayo ni ileile ya kahawa. Wanaoamka saa 10 za usiku kufagia barabara, wengi wao wakiwa akina mama, hawapandi jukwaani siku ya kupokea tuzo.

NYUMBA ZA DESEMBA

Suala jingine wengi hawapendi liguswe, kwa kuwa linatugusa sisi wenye vyeo na mishahara. Kila mwisho wa mwaka watoto wa mlima hurudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na hata ng'ambo. Ni desturi njema, wala sina ugomvi na mbuzi wa Krismasi. Lakini yafaa tuzitazame nyumba zinazofunguliwa kwa siku hizo kumi. Ni nyumba za ghorofa, za vigae na madirisha makubwa, zilizojengwa katikati ya kihamba mahali palipong'olewa migomba na mibuni. Miezi 11 zimefungwa na kulindwa na kijana mmoja na mbwa wawili. Nyuma ya ukuta mfereji umejaa matope kwa sababu mwenye nyumba hayumo kwenye msaragambo, na mibuni michache iliyobaki imezeeka bila kukatiwa matawi. Mwenye nyumba akiulizwa atasema ameinua kiwango cha maisha ya nyumbani kwao.

Kasumba hii haikuanza jana. Mkoloni alitufundisha kumpima mtu kwa kile anachokionyesha, na sisi tumekuwa wanafunzi hodari. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilijaribu kuweka kipimo kingine kwa viongozi, kwamba kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asipangishe nyumba, asiwe na mishahara miwili. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Mtu anaweza kubishana juu ya busara ya kila sharti, na mengine kwa kweli yalikuwa magumu kuyasimamia. Lakini yalikuwa na sifa moja: yalipimika. Mwanakijiji hakuhitaji kuujua moyo wa kiongozi, alitazama nyumba. Yalipoondoka, mahali pake tukaweka maneno kama "uadilifu" na "uzalendo", na maneno hayo kila mtu anaweza kuyavaa, kama fulana za uchaguzi.

Vivyo hivyo Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, ambao katika ibara yake ya 15 ulimkataza kiongozi kujikweza, kuwadharau watu na kuwaonea. Wafanyakazi wa viwandani, hasa Dar es Salaam, waliisoma ibara hiyo wakaielewa kuliko walivyotarajiwa. Wakaitumia kuwapima mameneja wao, wakigoma na kuwafungia milango. Mwaka 1973 wale wa kiwanda cha Mount Carmel Rubber walifika hatua ya kukishika kiwanda chenyewe. Haikuchukua muda vitendo vya namna hiyo vikawa vinazimwa. Jirani wa karibu wa tukio hilo, kwa mawazo yangu, ni yale maasi ya mlimani ya mwaka 1937. Mara zote mbili aliyekuwa akipimwa alinyoosha mkono ili naye ashike mizani.

Hapa ndipo ninapotofautiana na ndugu zangu wengi wanaoandika juu ya kuinua viwango. Wao huanza na mkulima, mfanyakazi wa chini, mwanafunzi, kijana wa bodaboda. Humwambia aamke mapema, asome, aache pombe, apange maisha yake. Ushauri huo si mbaya, na mtu anayeamka mapema kweli hupata zaidi ya anayelala, mlimani tunalijua hilo. Lakini ukitolewa na mtu ambaye yeye mwenyewe hapimwi na yeyote, hugeuka dharau iliyovaa nguo za elimu. Mkulima anapimwa na mizani, na karani anayechota kahawa yake kiganjani na kuinusa, na mvua, na mnada. Fundi anapimwa na ukuta wake. Muuguzi anapimwa na mgonjwa. Sisi makada tunapimwa na nani? Taarifa zetu tunaziandika wenyewe, tunazisoma wenyewe na kujipigia makofi wenyewe.

Wanafunzi wanaosoma makala haya, hasa walioko katika Chuo Kikuu cha Ushirika hapa Moshi, ambacho kilianza kama chuo cha ushirika mwaka 1963, wanaweza kudhani kwamba wao hawahusiki bado. Wanahusika. Mwanafunzi anayenakili kazi ya mwenzake na kupata alama ileile ameweka tunda la kijani chini ya debe. Mwalimu anayetoa alama bila kusoma ni mnunuzi anayelipa bei moja. Kesho mwanafunzi huyo ataajiriwa kukagua hesabu za chama cha msingi, na wakulima 300 watakula matunda ya debe lile.

Kuna anayeweza kupinga kwamba nikitaka kila jema litazamwe na kulipwa nimemfanya binadamu kuwa mashine ya kutafuta faida, na kwamba ujamaa ulitaka mtu afanye vizuri kwa kuwajali wenzake. Pingamizi hili nalichukua kwa uzito, na sidhani kwamba ninalo jibu lote. Bibi yangu hakulipwa na mtu kwa kuchagua punje usiku, na alizichagua vizuri hata katika misimu ile ya bei moja, majirani walipokuwa wamekwisha kuacha. Nilimuuliza kwa nini. Alisema hawezi kuitazama kahawa chafu ikitoka nyumbani kwake. Watu wa namna hiyo wapo katika kila kijiji na ndio walioishikilia nchi hii. Lakini siasa ya kiuchumi inayowategemea watu wa namna hiyo pekee, huku ikiwalipa sawa na wazembe, inawala kama mtaji mpaka wanakwisha. Bibi alifariki. Mibuni ile imesimama, na hakuna anayeichagulia punje.

Katika tawi letu tumeanza na jambo dogo, ambalo wengine wameliita la kitoto. Saa 2 kamili daftari la mahudhurio huwekwa mezani, na kalamu hushikwa na mkulima mmoja anayechaguliwa kwa zamu, ambaye huandika jina na saa ya kila anayeingia, pasipo kumwongezea mtu cheo. Mwishoni mwa mkutano husomwa kwa sauti. Mwezi uliopita majina matatu ya kwanza yalikuwa ya akina mama waliotoka juu kwa miguu. Jina la mwenyekiti lilikuwa la 17, na la mwandishi wa makala haya la 14, saa 2 na dakika 40.